Giaboksi ya Kipanya na Mkono Wangu wa Kushoto

Mtawanya, Mtwara.

Kwa mdogo wangu Mwanaidi, mtoto wa mwisho wa mama yetu na mtu wa kwanza kunigombeza kila asubuhi kwa simu,

Salamu hizi zimepanda basi na kulala njiani mpaka kufika hapo Muheza, kwa hiyo zipe chai kwanza kabla hujaanza kuzihoji. Goti lako la kulia vipi? Na lile jino ulilokataa kung'olewa, bado mnaishi pamoja au limehama lenyewe? Shemeji bado anakohoa makusudi ili asitumwe dukani? Mimi mzima. Nakula, nalala, nasali nikikumbuka, na nikikumbushwa pia.

Habari kubwa nikupe mapema. Nimeweka injini nyingine kwenye pikapu yangu. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, kuanzia chai ya asubuhi mpaka adhuhuri ya siku hiyohiyo, mafundi wamekaa pembeni kimya wanajifunza.

Haya, nimekuona unavyokunja mdomo. Si kweli. Kazi ilichukua wiki tano, na mimi nilikuwa mshika tochi. Usicheke, chini ya gari kuna giza hata mchana. Siku moja nilikabidhiwa spana, nikajiona mtu, kumbe naambiwa niishike tu mpaka mwenyewe atoke chooni. Lakini kwenye kuchagua giaboksi na kutengeneza mikono ya chuma ya kuingizia gia, hapo nilikuwemo kwa kichwa na kwa miguu, na hayo ndiyo nataka kukusimulia.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwa sababu kwenye simu ukisikia tu nimemeza mate, unajua kinachofuata ni uongo. Nilichukua kalamu kwa nia ya kukudanganya kwa utulivu. Sasa tuone mimi na kalamu tutafika wapi.

Mapatano yetu unayajua kuliko mimi, lakini acha niyaseme ili usije ukaongeza mengine. Tangu ule ugonjwa wa mwaka jana, mkono wangu wa kushoto umebaki jina. Gumba na vidole viwili vinatikisika vikitaka, vikikataa vinalala. Wewe ukasema basi, Kaka Shabani, uza gari, rudi nyumbani. Mimi nikasema gari lenyewe limekufa injini, ngoja nilifufue kwanza. Tukakubaliana: likifufuka, niendeshe kutoka mjini Mtwara mpaka Kitaya, kule mtoni Ruvuma, nirudi na mzigo, bila mtu yeyote kunishikia gia. Nikiweza, unaniacha hapa na maisha yangu. Nikishindwa, nauza, nakuja kulala chumba cha uani kwako na kula wali wako bila kusema neno juu ya chumvi. Hilo la chumvi ndilo lililonipa nguvu ya kufufua gari.

Injini ya zamani ilikufa kwa kiu. Nililiona rejeta linavuja, nikasema maji yatatosha. Hayakutosha. Nikapata nyingine ya dizeli, imetolewa kwenye basi dogo, vile vipanya, lililogongwa nyuma likapondeka, lakini mbele zima. Nikaipakia kwenye mkokoteni mpaka Chikongola, kwenye gereji ya Fundi Chilumba nyuma ya maduka, nikamwambia, "Toa ile, weka hii, mimi naenda kunywa chai narudi." Nilidhani ni kama kubadilisha mafiga.

Fundi Chilumba ni Mmakonde wa juu huko Newala, mfupi, mpole, anaongea kama mtu anayelipia kila neno. Akaizunguka injini mara mbili.

"Mzee Shabani, injini ni nzima. Sasa hii itasemaje na magurudumu?"

"Itasema kupitia giaboksi yangu. Si ipo?"

"Ipo. Ila hazijuani."

Akanionyesha. Uso wa injini una matundu ya bolti huku, uso wa giaboksi yangu una matundu kule, kama sufuria na mfuniko wa sufuria ya jirani. Akaniambia njia ni tatu, nichague, yeye hamchagulii mtu mzima.

Ya kwanza, kubaki na giaboksi yangu ya zamani. Fimbo yake ya gia iko palepale kwenye sakafu, mkono unaijua. Lakini lazima achonge sahani nene ya chuma, upande mmoja ikubali injini, upande wa pili ikubali giaboksi, na tundu la katikati likae sawasawa kabisa, likikosea unene wa kucha tu, beringi zinalia mpaka zinakufa. Juu ya hayo, giaboksi ile ilizoea injini ya petroli inayokimbia mbiombio. Dizeli ina nguvu lakini haina haraka. Ukiifunga na giaboksi ile itakuwa inapiga kelele nyingi na safari haiendi, kama baraza la harusi.

Ya pili, ndiyo uliyoitaka wewe, otomatiki. Nikamwambia fundi, "Dada yangu anasema siku hizi kuna gari linaloingiza gia lenyewe." Akasema ndiyo, lipo, lina nyaya na kompyuta yake, na betri ikiisha nguvu huko Kitaya huwezi kulisukuma likawaka, mtalala hapo mkitazamana. Nami, Mwanaidi, nikuambie ukweli, gari linaloamua lenyewe sina haja nalo. Nyumbani kwangu mwenye kuamua bila kuniuliza ni paka, anatosha.

Ya tatu, kuchukua giaboksi ya kipanya chenyewe, iliyozaliwa na injini hiyo. Inafunga bila kubembelezwa, gia zake ni tano, mwendo wake ni wa dizeli. Kasoro yake moja: haina fimbo. Kwenye kipanya dereva anakaa juu ya injini, gia anaichezea karibu na usukani, na nyaya mbili ndefu ndizo zinazopeleka habari chini. Kwenye giaboksi kuna masikio mawili tu ubavuni. Sikio moja linachagua njia, la pili linasukuma gia iingie.

"Ndani kuna nini?" nikamuuliza.

"Gia."

"Najua gia. Nataka kuziona."

Akanitazama, akafungua mfuniko. Mwanaidi, nimeendesha malori tangu ndevu hazijakamilika, na sikuwahi kujua ninachosukuma. Nilikuwa nawaambia watu kwamba ukiingiza gia, meno yanatoka huku yanakwenda kuuma kule. Nimewafundisha watu wengi uongo huo. Kumbe meno yote yamekwisha umana siku zote, yanazunguka pamoja, hayaachani. Kinachotembea ni pete. Kuna uma kama wa kulia chakula, wenye vidole viwili, umeishika pete hiyo na kuisogeza kidogo, ukucha au kucha mbili, ikaishike gia moja au iiachie ikaishike nyingine. Basi. Kelele zote zile ninazopiga na bega na kiuno nikipanda mlima, kule chini ni pete inasogea ukucha mmoja! Nilikaa pale nikiisogeza kwa kidole huku na kule, ka, ka, ka, mpaka fundi akaniuliza kama nimekula.

Nikachagua hiyo ya tatu. Nilivutwa na zile pete, lakini nilimwambia fundi ni kwa ajili ya mwendo.

Sasa ikaja kazi ya mikono ya kuunganisha fimbo na masikio. Nyaya za kipanya zilikuwa zimeota kutu, na mchanga wa huku ukiingia ndani ya waya, kuuvuta ni kama kuvuta punda. Fundi akashauri fimbo za chuma zenye vifundo. Akasema vifundo viwe vichache, maana kila kifundo kinacheza kidogo, na vikiwa vingi unasukuma huku, kule hakijafika kitu. Mimi nikamwambia aniachie siku mbili nifikiri. Sikumwambia kwamba ninachofikiria ni vidole vyangu.

Nilikwenda nyumbani nikang'oa mlango wa bafu, maana ndio ubao mpana pekee nilio nao, nikaulaza sebuleni. Siku hizo mbili nilioga kwa kukohoa, ili wapita njia wajue. Nikachukua fito za mianzi na misumari, nikatengeneza giaboksi ya uongo: hapa fimbo yangu, hapa msumari wa kati, hapa sikio. Nikawa nasukuma, nautoa msumari, naupigilia pengine, nasukuma tena. Nikaona jambo. Msumari ukiwa karibu na mkono wangu, mkono unakwenda kidogo, lakini kazi ni nzito. Ukisogea karibu na sikio, mkono unakwenda mbali, lakini kazi inakuwa nyepesi kiasi kwamba hata hivi vidole vyangu vilivyolala vinaweza. Mimi wa darasa la nne! Nikamwita jirani aje aone. Akaangalia, akasema, "Hongera, mzee, lakini mlango wa bafu?"

Nikaupakia mlango kwenye bajaji, na fito zake na misumari yake, mpaka Chikongola. Nikauweka mbele ya fundi. Akainama, akasukuma fito, akasukuma tena, akainuka. "Sawa," akasema. Na Fundi Chilumba akisema sawa, ni hotuba.

Aliyechomelea ni Somoe, mwanamke wa Kimakua mwenye banda lake la kuchomelea palepale gereji. Mama wa watoto wanne, mdomo kama pasi ya mkaa. Alinipa jina la Bwana Mlango siku hiyohiyo. Alipomaliza kuunga zile fimbo, akaniambia nishike nijaribu. Nikashika. Akautazama mkono wangu, akaenda nyuma ya banda akarudi na kipande cha usukani wa baiskeli, mpira wake bado uko juu. Akakichomelea juu ya fimbo kikae kwa upana, kama mpini.

"Fimbo yenye kirungu inataka vidole," akasema. "Hii unaivuta hata kwa kifundo cha mkono. Tena usiniambie asante, nimechoka kukuona unaishika kama mtu anayekamata kuku."

Nikauvuta mpini kwa kifundo cha mkono, mara moja, mara mbili, nao ukanifuata.

Siku ya kuwasha, gereji nzima ikasimama. Injini ikawaka. Nikakanyaga klachi, nikavuta rivasi nitoke taratibu kinyumenyume, kama bwana. Pikapu ikaruka mbele! Ikapiga ndoo ya ming'oko, vile viazi vya porini vya huku, ambayo Somoe alikuwa ameinunua ale mchana, mizizi ikatawanyika mpaka chini ya magari ya watu, na injini ikazima.

"Bwana Mlango!" Somoe akapiga kelele. "Ming'oko yangu ilikukosea nini?"

Nikajaribu tena. Moja ikawa mbili. Mbili ikawa moja. Tatu ikawa nne. Na nilipotaka rivasi napata gia ya tano. Kumbe ule msumari wa katikati, Mwanaidi, una tabia. Ukisukuma upande huu mbele, upande wa pili unarudi nyuma, kama bembea ya watoto. Kwenye mlango wangu nilikuwa naangalia wepesi tu, sikuangalia unaelekea wapi.

Nikamgeukia Fundi Chilumba. "Wewe hukuona?"

"Niliona."

"Siku ipi?"

"Ile ile ya mlango."

"Mbona hukusema?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Mzee, ulikuwa umekuja na mlango. Mtu mzima akibeba mlango wa bafu kutoka Mtawanya mpaka hapa, utamwambiaje amekosea? Nikajua labda ndivyo unavyotaka."

Ndivyo walivyo watu wa huku, heshima yao itaniua. Angekuwa fundi wa kwetu Muheza angenitukana palepale na tungeokoa ndoo nzima ya ming'oko.

Akasema anaweza kuongeza kifundo kimoja cha kugeuza, gia zikae kama za watu wote. Lakini kifundo hicho nacho kitacheza, na mkono utapata uzito tena. Nikamuuliza, "Nikiacha hivi hivi?" Akasema, "Utazoea wewe, hatazoea mwingine." Akapanda mwenyewe aisogeze kivulini, injini ikamzimikia mara tatu. Hapo nikaamua. Sasa nina pikapu ambayo hakuna mtu Mtwara nzima anayeweza kuiazima. Wale waliozoea kusema, "Mzee, naenda nayo hapo tu narudi," nawapa ufunguo nacheka.

Nikafanya mazoezi wiki nzima kwenye barabara za nyuma huku Mtawanya. Usiku kitandani mkono ulikuwa unavuta moja, unasukuma mbili. Kisha nikasema sasa, Kitaya.

Somoe akaomba lifti, mama yake anaishi huko. Nikamwambia karibu, ila ajue gia ya pili inakwenda mbele mpaka gotini kwa abiria, kwa hiyo asije akaninenea mabaya. Akasema goti lake limechomelewa na Mungu mwenyewe, halina wasiwasi. Tukapakia mabati na mifuko ya saruji ya mtu anayejenga. Kwenda, Mwanaidi, nilikuwa kama kijana wa posa. Moja navuta, mbili nasukuma, tatu navuta. Hakuna aliyenigusa mkono. Tukafika, tukala samaki wa mtoni kwa mama yake, bibi mcheshi kunizidi, nikatazama ng'ambo Msumbiji, nikapakia magunia ya mpunga, tukageuka.

Kuna sehemu ukitoka bondeni kule, barabara inapanda na mchanga ni mwingi. Nilikuwa gia ya tatu, gari likaanza kuchoka, linataka ya pili. Ya pili kwangu ni kusukuma mbele na kupeleka kushoto. Nikasukuma. Mkono ukateleza. Nikasukuma tena. Vidole vikalala. Gari liko huru, halina gia, mchanga unalishika magurudumu, na nyuma mpunga wa watu. Likisimama pale halitoki mpaka litolewe na trekta. Nikajaribu mara ya tatu na nikauona mkono wangu, Mwanaidi, uko palepale juu ya mpini, haufanyi kitu, kama wa mtu mwingine.

Somoe akaweka mkono wake juu ya wangu. Akasukuma. Ikaingia. Gari likaguna, likapanda.

Tukapanda mpaka juu kabisa. Nilikuwa natazama mbele kama namwendesha rais. Kisha nikamwambia, "Umenishikia gia."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Nina mapatano na dada yangu."

"Mimi sikushika gia," akasema. "Nimeshika kazi yangu. Nilikuwa naangalia kama pale nilipochomelea pameshika vizuri. Pameshika. Muandikie hivyo dada yako."

Akageuza uso dirishani, nami nikajua anajua mapatano yote, maana gereji nzima inayajua, mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia nikijisifu.

Gia zilizobaki mpaka mjini niliingiza mwenyewe zote. Kwenye gereji wakauliza vipi, Somoe akasema, "Mzee ameendesha." Hakudanganya. Fundi Chilumba akaangalia mkono wangu, akasema, "Kesho lete gari nisogeze kile kifundo cha kati kidogo tena." Hakuuliza kwa nini. Amekisogeza. Sasa gia ya pili ni nyepesi zaidi, na abiria wangu akae akiwa amekunja miguu kama yuko msikitini.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilianza barua hii nikiwa nimeshapanga kukuandikia maneno ya Somoe, kwamba alikuwa anakagua kazi. Ni maneno mazuri, nimeyajaribu kwenye karatasi nyingine, yanakaa vizuri. Lakini wewe ungeyasoma ungenyamaza, na ukinyamaza wewe mimi silali.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya kikohozi chake ni kumpa hela ya dukani na chenji abaki nayo. Nisalimie mwanao mkubwa mwalimu, mwambie mjomba wake amegundua elimu kwenye mlango wa bafu, ajaribu darasani. Mkwe wako yule mwenye gari la otomatiki nisalimie kidogo tu. Na mama mdogo, kama bado anasikia, mpigie kelele jina langu sikioni, akisema "nani?" mwambie yule mwenye makosa.

Sasa neno la mwisho. Siku ile mtungi wa mama ulipovunjika njia ya kisimani, wewe ndiwe uliyekuwa unauchezesha kichwani bila mikono ili wasichana wenzako wakuone. Nilisema ni mimi. Nikachapwa mimi, nikalala bila kula mimi, na wewe ukaniletea kipande cha muhogo kilichokwisha kuumwa. Miaka yote hii sijakudai. Leo nadai. Nisamehe gia moja, Mwanaidi. Ile ya pili, pale kwenye mchanga, moja tu, isihesabiwe. Ukikubali, mwambie dereva wa basi aliyekuletea barua hii aniambie neno moja, "Endesha," linatosha. Ukikataa, basi niandikie barua ndefu kama hii, tena kwa herufi ndogo ndogo, ili nichelewe kufika mwisho wake.

Kaka yako mkosaji,
Shabani